Mama samaki wa Kombewa, usikubali bomba la shaba

Mdogo wangu wa Kombewa, usimlipe fundi bado. Barua yako nimeisoma yote, pamoja na mchoro uliouambatisha, na nimeamua kukujibu hapa hadharani kwa sababu najua hauko peke yako. Vyama vya akina mama samaki huko Asat na Kaloka, hata ng'ambo ya ghuba kule Homa Bay, vinawazia jambo hili hili: mtambo wa barafu unaotumia moto badala ya stima, ili samaki wasiharibike kabla mnunuzi hajafika.

Umeniuliza mambo matatu. Kwanza, kama bomba la shaba ndilo bora kwa kondensa, kama fundi anavyoshikilia. Pili, kama mtambo huo unaweza kufungwa ndani ya boti yenu ya injini ya nguvu-farasi 15. La tatu umeliweka mwishoni kabisa, tena kwa aibu kidogo: kama ni utovu wa adabu kumhoji fundi mbele ya wanachama, maana shemeji amekwambia umwachie mtaalamu kazi yake.

Naanza na hilo la mwisho. Mwambie shemeji, kwa heshima zote, kwamba pesa hizo mmezichanga shilingi kwa shilingi kutokana na ngege na omena mlizobeba kichwani na kwenye bodaboda. Anayelipa ana haki ya kuuliza amenunuliwa nini. Fundi mzuri hufurahi akiulizwa, kwa sababu swali humpa nafasi ya kuonyesha anachokijua. Akikasirika kwa sababu umemuuliza bomba ni la nini, hilo nalo ni jibu. Kwa hiyo soma, andika pembeni, na siku ya mkutano uliza ukiwa umekaa wima.

Najua kwa nini barafu inawakosesha usingizi. Maji ya ziwa letu huwa na joto la nyuzi 25 hivi mwaka mzima, na samaki aliyetolewa humo bila kupozwa hana siku ndefu. Aliyevuliwa alfajiri, ikifika jioni mnunuzi anamfunua mashavu, anatikisa kichwa, na bei inashuka. Ngege huyo huyo akilazwa kwenye barafu tangu anapotoka majini hukaa wiki mbili na zaidi akiwa bado wa kuliwa. Kwa nchi zenye joto kama yetu, kipimo cha kawaida ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Mwenye barafu anaweza kumwambia mnunuzi arudi kesho na bei nzuri. Asiye nayo hupokea chochote kabla jua halijazama, na sote tunajua jinsi udhaifu huo ulivyowafikisha dada zetu wengine kwenye jaboya, kutoa mwili ili kuuziwa samaki. Barafu peke yake haitamaliza jaboya, lakini mwanamke mwenye akiba ya samaki kwenye sanduku hasimami ufuoni akiwa na haraka ile ile.

Sasa tuingie ndani ya mtambo. Humo kuna maji yaliyochanganywa na amonia. Ukiyachemsha, amonia hupanda kama mvuke na maji mengi hubaki nyuma. Mvuke huo, ukiwa wa moto na wenye presha, huingia kwenye kondensa, yaani bomba linalopozwa kwa maji ya ziwa au kwa upepo, na humo hugeuka kuwa majimaji. Majimaji hayo yakiachiliwa upande wenye presha ndogo huchemka upya katika baridi kali, na katika kuchemka huko hunyonya joto la maji yaliyo jirani hadi yagande. Kisha mvuke hufyonzwa tena na yale maji yaliyobaki, na mzunguko huanza upya. Ndiyo maana huitwa friji ya ufyonzaji. Haihitaji kompresa, bali moto.

Si jambo geni wala la kubahatisha. Mfaransa Ferdinand Carré alipata hataza ya mtambo wa amonia na maji mwaka 1859. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa Stockholm, von Platen na Munters, walibuni friji ya aina hii isiyo na pampu wala kitu kinachozunguka, na kampuni ya Electrolux ikaanza kuziuza mwaka 1925. Wakubwa wenu wanazikumbuka: friji za mafuta ya taa, na baadaye za gesi, zilizotunza chanjo kwenye zahanati na misheni ambako stima haikufika. Ukiiona moja imetupwa mahali, zunguka nyuma yake uangalie mabomba. Ni meusi. Ni ya chuma. Hapo ndipo jibu la swali lako la kwanza lilipo.

Nimtendee fundi haki, maana alichosema kina ukweli. Shaba hupitisha joto mara 8 hivi kuliko chuma cheusi, na mara 25 hivi kuliko stenlesi. Kwa friji ya kawaida ya dukani, ile ya kompresa, shaba ni sawa kabisa, na huenda fundi wako amejifunzia kazi kwenye friji hizo. Lakini gesi za friji hizo haziigusi shaba. Amonia iliyo na maji huila. Penye hewa kidogo tu, shaba huyeyuka humo polepole na kutia rangi ya buluu iliyokolea. Shaba njano, ile inayotengenezewa koki na viungio, hupatwa na baya zaidi: hupasuka ghafla bila kuonyesha dalili ya kuchakaa.

Kisa cha kupasuka huko kilianzia mbali. Jeshi la Waingereza nchini India lilikuwa likihifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi wakati wa masika. Maganda ya risasi, ambayo ni ya shaba njano, yakawa yanapasuka yenyewe yakiwa yamekaa tu. Mwaka 1921 wanasayansi wakaeleza sababu: amonia inayotokana na mkojo wa farasi, ikikutana na unyevu na shaba iliyobaki na mkazo ndani yake tangu ilipofinyangwa. Hebu fikiria, mvuke wa zizi peke yake ulitosha kupasua maganda yale. Ndani ya kondensa yenu amonia itakuwa imejaa bomba zima, usiku na mchana.

Tena mtambo hauvumilii kipande kimoja cha shaba kilichojificha. Fundi anaweza kukubali kubadilisha bomba, kisha akafunga koki ya shaba njano iliyopakwa kromu ikang'aa kama stenlesi. Mwombe akupe kila kiungio na kila vali ukishike mkononi kabla hakijafungwa. Chukua tupa ndogo, kwaruza mahali pasipodhuru. Ukiona unjano chini ya mng'ao, kirudishe. Beba sumaku pia: chuma cheusi huivuta kwa nguvu, shaba haiivuti hata kidogo, na stenlesi nyingi huivuta kidogo sana au haziivuti, kwa hiyo usiitegemee sumaku bila tupa. Uliza na geji. Geji nyingi za kawaida zina kijibomba cha shaba ndani usichokiona, wakati geji ya amonia hutengenezwa kwa chuma na huandikwa usoni kwamba ni ya amonia.

Bomba la maji la mabati, lile lililopakwa zinki ambalo limejaa maduka ya vifaa vya ujenzi Kisumu, nalo halifai kupitisha amonia, kwa sababu zinki huliwa kama shaba. Viwandani utakuta kondensa za amonia zilizopakwa zinki kwa nje baada ya kuchomelewa, ili maji yasizitie kutu. Hiyo ni sawa. Zinki haitakiwi ndani, panapopita amonia.

Basi chagua kati ya chuma cheusi na stenlesi, na hapa ziwa letu linawapendelea. Mshauri aliyezoea Mombasa au Lamu atakutisha kwamba stenlesi ya kawaida hutoboka, na kwa maji ya bahari yuko sahihi, kwa sababu lita moja ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Huko hutafutwa stenlesi ya daraja la 316, na kwa anayetaka kondensa ya kudumu, titani, ambayo bei yake si ya chama. Wenye meli za bahari wanaotumia gesi nyingine hupenda mchanganyiko wa shaba na nikeli, nasi kwa amonia tumeshakataa chochote chenye shaba. Victoria ni maji baridi yenye chumvi kidogo mno. Stenlesi ya daraja la 304 inatosha kabisa, mradi ichomelewe kwa argoni na mtu anayeijua kazi hiyo, na madoa ya moto yasafishwe. Kibuye na karakana za jua kali mjini zina mafundi wa kila kiwango. Omba kuona kazi zao za stenlesi, ndani na nje ya mshono. Chuma cheusi ni cha bei nafuu na huchomelewa kwa urahisi, lakini upande wa maji ya ziwa kitashika kutu, kwa hiyo bomba liwe nene na mjue mtalibadilisha siku moja. Mimi ningewashauri mchange zaidi kidogo mpate stenlesi kwa kondensa, halafu chombo cha kuchemshia kiwe cha chuma cheusi kinene.

Na ile hasara ya upitishaji joto? Ni ndogo kuliko inavyosikika. Ukuta wa bomba la stenlesi wenye unene wa milimita 1 huchangia chini ya sehemu moja ya kumi ya kizuizi chote cha joto kati ya amonia na maji. Kizuizi kikubwa ni maji yenyewe yanapopita polepole, na uchafu. Ongeza urefu wa bomba kidogo, umeshafidia.

Uchafu ndio ninaotaka uuogope, mdogo wangu, kuliko hata bei ya stenlesi. Unajua maji ya upande wenu yalivyo. Ghuba ya Winam haina kina kirefu, Nyando na Sondu-Miriu huleta udongo kila mvua inaponyesha, mwani hutanda kijani, na gugumaji, ambalo limetusumbua upande wa Kenya tangu miaka ya 1990, huacha mizizi na matope popote linaposukumwa na upepo. Maji hayo yakipita kwenye kondensa huacha utando wa ute. Utando wa nusu milimita tu, ambao mkono wako utauhisi kama utelezi, huzuia joto sawa na ukuta wa stenlesi wenye unene wa milimita 12. Kondensa ya dhahabu ingeshindwa hapo. Joto likikosa pa kutokea, presha hupanda, barafu hupungua, na mtaanza kuongeza kuni mkidhani moto ndio hautoshi.

Kwa hiyo angalia umbo la kondensa kabla ya kutazama mng'ao wake. Katika mchoro wa fundi wako naona bomba lililo ndani ya bomba, limezungushwa duara mara nyingi. Linapendeza, na halichukui nafasi. Lakini utapitisha brashi wapi? Mkatae. Mwambie atengeneze mabomba ya amonia yaliyonyooka, yaliyopangwa ngazi kwa ngazi mahali wazi, na maji yamwagike juu yake kutoka kwenye bomba lenye matundu kisha yaangukie beseni. Kila kitu kinaonekana. Kila wiki mtu anasugua kwa brashi ya nailoni, dakika chache, amemaliza. Maji yenyewe yachujwe kwanza kwenye pipa la mchanga na kokoto. Sehemu ya kufyonzea nayo hutoa joto jingi, kwa hiyo nayo ipozwe na isafishwe vivyo hivyo. Mwekeni mtu mmoja mwenye jina kwenye daftari la chama anayewajibika kwa brashi hiyo, na alipwe. Kazi ya wote huishia kuwa ya hakuna.

Presha nimeitaja, nieleze kidogo. Maji ya ziwa yakiwa ya nyuzi 26, amonia itageuka kuwa majimaji karibu na nyuzi 35, kwa presha ya baa 13 na nusu. Ukitegemea upepo wa mchana wa Kombewa badala ya maji, inaweza kufika nyuzi 45, na presha ikakaribia baa 18. Gurudumu la Probox hujazwa baa 2 na kidogo. Hivyo bomba liwe lile lisilo na mshono wa urefu, lenye karatasi ya kiwanda inayotaja presha yake, na mtambo uwe na vali ya usalama inayotoa nje, juu, mbali na watu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inagusa vyombo vya presha. Nendeni ofisi ya idara hiyo Kisumu mkaulize ukaguzi kabla ya kujenga, msingoje baada.

Swali la boti ni rahisi zaidi. Hapana. Wanaofunga friji ya ufyonzaji chomboni huvuna joto la moshi wa injini kubwa ya dizeli iliyo ndani ya meli. Watafiti wa Vigo, Hispania, waliandika mwaka 1998 kuhusu mpango kama huo kwa meli za kukokota nyavu. Injini yenu hukaa nyuma ya boti, na moshi wake hutolewa chini ya maji pamoja na maji ya kupozea. Hakuna bomba la moto la kuvuna. Kuwasha moto wa pembeni ndani ya boti ya mbao yenye petroli, hilo sitalijadili. Friji isiyo na pampu hutegemea mwelekeo wa mabomba yake, ikiinamishwa hovyo huacha kufanya kazi, na mawimbi ya jioni hayaipi nafasi ya kutulia. Juu ya yote, amonia ikivuja mkiwa katikati ya ziwa hamna pa kukimbilia isipokuwa majini. Mtambo ukae ufuoni. Botini wapelekeeni wavuvi sanduku lenye kuta nene za povu, mfuniko unaofunga sawasawa, na barafu iliyopondwa. Mbuta apasuliwe, atolewe matumbo na kulazwa humo mara moja. Faida mnayoitafuta iko hapo hapo, kwenye saa za kwanza.

Sasa nikuulize mimi: moto mtautoa wapi? Kugandisha kilo 100 za maji ya ziwa kwa mtambo uliotengenezwa vizuri, wenye jiko linalofikisha nusu ya joto lake, kunahitaji kilo 12 hivi za kuni kavu. Kwa mtambo wa kawaida wa karakana, hesabu mara mbili. Hizo ni kuni za kila siku, na milima yetu mnaiona ilivyo. Kama mna gesi ya samadi, au joto linalopotea bure kwenye tanuri fulani, mpango unakaa vizuri. Dunga, pale jirani na mji, gugumaji limewahi kugeuzwa gesi ya kupikia, na gesi kama hiyo inaweza kuchemsha amonia. Kama hamna chochote cha bure, pigeni bei ya friza ya kompresa yenye paneli za sola kabla ya kuamua. Kwa mzigo wa kilo chache kwa siku, friza hiyo huenda ikawafaa kuliko mtambo wowote wa moto, na humo shaba yake haina kosa. Akija mwingine na mtambo wa lithiamu bromaidi, akisema huo hauna sumu na unakubali shaba, anasema kweli, lakini kinachochemka humo kuleta baridi ni maji, kwa hiyo haushuki chini ya nyuzi sifuri. Utapoza ofisi. Barafu hamtaiona.

Mkiendelea na amonia, kuna mambo ya usalama ambayo sitaki yasemwe nusu. Amonia huunguza macho na mapafu. Kibanda kiwe na nafasi kubwa za hewa juu, kwa sababu mvuke wake hupaa, na kisiwe karibu na mahali watoto wanapocheza. Pipa la maji safi liwe mlangoni daima: maji huifyonza haraka, na mtu aliyerushiwa machoni aoshwe kwa maji mengi dakika 15 bila kukoma huku gari likitafutwa la kumfikisha hospitali ya Kombewa. Fundi akitaja dawa ya kuzuia kutu ndani ya mtambo, muulize ni ipi. Friji nyingi za zamani zilitiwa kromati, na ule unga wa manjano unaouona mahali friji kuukuu imevuja ndio huo. Husababisha saratani. Usiguse, na mtambo wenye dawa hiyo usiwahi kumwagwa ziwani.

Kuhusu malipo, gawanyeni mara tatu. Sehemu ya kwanza ni ya vifaa, mkiwa mmevishika na kuvikwaruza kwa tupa. Ya pili ni baada ya mabomba kujazwa maji na kusukumwa kwa presha mara moja na nusu ya ile ya kazi, mbele yenu, pasitoke hata tone. Kisha fundi ayakaushe, ajaze naitrojeni, asitumie oksijeni kamwe kwa sababu ikikutana na mafuta hulipuka, na awaandikie geji inasoma ngapi saa kumi na mbili jioni. Mmoja wenu alale na ufunguo wa kibanda. Asubuhi, kabla jua halijapasha mabomba, mwende mkaisome tena pamoja naye. Baridi ya usiku itaishusha kidogo, hilo ni la kawaida. Ikiwa imeporomoka, atafute panapovuja kwa povu la sabuni, na usiku mwingine uhesabiwe upya. Ikiwa imesimama, mlipeni sehemu ya tatu siku hiyo hiyo, yote, bila kumzungusha.